Kifafa, Usubi na Daftari la Mtafiti: Historia ya Utafiti wa Afya ya Akili Kusini mwa Tanzania

Katika hospitali nyingi za Tanzania kliniki ya afya ya akili ndiyo pia kliniki ya kifafa. Mgonjwa anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine na mgonjwa anayeanguka na kutoka povu hukaa kwenye benchi moja, huandikwa na muuguzi yuleyule na hupewa dawa kutoka kabati lilelile. Vitabu vya tiba huyatenga magonjwa hayo mawili: kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo, wazimu ni ugonjwa wa fikra na hisia. Maisha ya watu hayakuyatenga, kwa sababu woga wa majirani uliwaweka wagonjwa wote hao kando ya kijiji. Ndiyo maana historia ya utafiti wa afya ya akili kusini mwa Tanzania haiwezi kuelezwa bila kifafa, na haiwezi kuelezwa kutoka Songea bila kuvuka mpaka wa mkoa wa Ruvuma upande wa kaskazini hadi milima ya Mahenge, wilaya ya Ulanga. Huko ndiko utafiti mkubwa wa kwanza wa aina hii ulikofanyika katika ukanda wa kusini. Nguvu yake ilitoka kwa watu waliokuwa mwanzoni kabisa mwa kazi zao: daktari kijana, wauguzi, na wanafunzi wa udaktari.

Watu wa Ungoni, nchi ya Wangoni kuzunguka Songea, na jirani zao walikuwa na elimu yao ya maradhi haya kabla ya kalamu na karatasi. Kwa Wangoni, Wandendeule, Wamatengo na hata Wapogoro wa Mahenge, mahoka, yaani mizimu ya wazee waliotangulia, walikuwa na sehemu katika afya ya walio hai. Mtu aliyerukwa na akili aliweza kuwa amesahau wajibu kwa wazee wake, ameingiwa na pepo, au amechezewa na mwenye husuda. Mganga hakuanza kwa kuuliza ni kiungo gani kinauma. Aliuliza nani kagombana na nani, nani kakosewa, kaburi la nani halijafagiliwa. Haya ni maswali ya uchunguzi, na mtaalamu yeyote wa leo anayeandika historia ya familia ya mgonjwa huyauliza kwa namna yake. Tofauti ni kwamba majibu ya mganga hayakuandikwa, na maarifa yake yalihama kutoka kwa mzee kwenda kwa mwanafunzi aliyemchagua mwenyewe.

Wajerumani walijenga boma Songea mwaka 1897, na mwaka uliofuata Wabenediktini wakafungua misheni ya Peramiho, ambayo baadaye ilikuwa na moja ya hospitali zinazotegemewa zaidi kusini. Kisha vikaja Vita vya Majimaji dhidi ya utawala wao. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi na wapiganaji wa Kingoni walinyongwa kwa wingi mjini Songea. Nduna Songea Mbano naye akanyongwa siku chache baadaye. Majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Wakoloni waliandika idadi ya bunduki zilizosalimishwa na kodi zilizolipwa. Hakuna aliyetumwa kuuliza wajane na yatima wa Ungoni walilala vipi usiku miaka iliyofuata, na pengo hilo katika kumbukumbu ni kubwa kuliko linavyofikiriwa, kwa sababu vizazi viwili vilivyofuata vililelewa na watu hao.

Huduma ya wagonjwa wa akili ilikuwa mbali. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianzishwa mwaka 1896 na wamisheni wa Kiprotestanti wa Kijerumani ili kuwatunza watoto waliokombolewa utumwani; mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuzwa nyumba ya wagonjwa wa akili, na ipo mpaka leo chini ya Walutheri. Waingereza nao walifungua Mirembe mjini Dodoma mwaka 1927. Kutoka Songea hadi Dodoma kwa barabara ya Njombe na Iringa ni zaidi ya kilomita 700, na lami ya kutoka Makambako hadi Songea haikukamilika hadi miaka ya 1980. Familia iliyompeleka mtu wake Mirembe ilikuwa inaagana naye. Mara nyingi safari yenyewe ilianzia mikononi mwa askari, kwa amri ya hakimu na cheti cha daktari, na aliyepelekwa alikuwa yule aliyehesabiwa kuwa hatari. Mwenye huzuni aliyenyamaza ndani ya nyumba hakumsumbua mtu, kwa hiyo hakuonekana.

Jambo hilo lina uzito katika historia ya utafiti, kwa sababu madaktari wa kikoloni waliandika nadharia zao kutokana na wale waliokuwa ndani ya kuta. Mfano mkubwa katika Afrika Mashariki ni J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia mwaka 1938 bila kuwa na mafunzo ya tiba ya akili wakati anapewa kazi hiyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alidai kwamba Mwafrika huitumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo wake, na akamlinganisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Dai hilo lilikuwa uongo wenye muhuri wa kitaalamu. Lilijengwa juu ya wagonjwa wachache waliofikishwa hospitalini na serikali, wakihojiwa katika lugha zisizo zao. Pia lilifundisha kwamba Waafrika hawapati ugonjwa wa huzuni nzito, kana kwamba asiyeletwa hospitalini hayupo.

Katika miaka hiyohiyo ya 1950 mtafiti kijana alikuwa akizunguka vijiji vya wilaya ya Songea. Philip Gulliver, aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika, alichunguza Wangoni na Wandendeule waliokwenda kutafuta kibarua katika mashamba ya mkonge na migodini kusini mwa Afrika, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1955. Hakuchunguza maradhi ya akili. Hata hivyo, alifanya jambo ambalo wataalamu wa Nairobi hawakulifanya: alikaa na watu kwao, akahesabu nani yupo na nani hayupo, akaeleza maisha ya kijiji ambacho wanaume wake wapo safarini. Kwa anayetaka kuelewa upweke wa wake na wazee wa Ungoni wakati huo, taarifa ile ya uchumi ina faida kuliko maandishi yote ya Carothers.

Hatua kubwa ilitokea Mahenge. Mwaka 1959 Louise Aall, daktari wa Kinorwei ambaye hakuwa ametimiza miaka 30, alifika Tanganyika akiwa na mafunzo ya tiba za nchi za joto kutoka Basel, Uswisi. Hakuja kuchunguza kifafa. Alikuwa akifanya kazi ya udaktari wa kawaida katika bonde la Kilombero na milima inayolizunguka, na alipofika kwa Wapogoro aliona jambo ambalo hakulitarajia: idadi kubwa mno ya watu wenye makovu ya moto. Walikuwa wameangukia mafiga. Kilichowafanya waungue hivyo si kuanguka peke yake. Watu waliamini kwamba mate na povu la mgonjwa huambukiza, kwa hiyo anapoanguka hakuna anayemgusa mpaka mishtuko ikome, hata kama mkono wake umo ndani ya makaa. Wagonjwa walikula peke yao, walilala peke yao, watoto wao hawakuolewa kwa urahisi, na wengi walifichwa.

Mwaka 1960 alifungua kliniki ya kifafa Mahenge kwa msaada wa misheni ya Kwiro. Dawa yake kuu ilikuwa fenobabitoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, inayomezwa kila siku kwa miaka. Ugumu wote ulikuwa katika neno hilo, kila siku. Dawa ya malaria humezwa ikaisha, na mtu akapona. Dawa ya kifafa haimponyi mtu. Humzuia asianguke, na akiikatisha ghafla anaweza kuanguka vibaya kuliko mwanzo. Kumweleza jambo hilo mkulima anayetembea siku nzima kufuata vidonge kulihitaji maneno yaliyoeleweka na mtu aliyeaminika. Ili kliniki isimame ilibidi kuzungumza na wazee, na waganga, na ndugu, na kuwaonesha kwa macho kwamba mtu aliyekuwa akianguka mara kwa mara sasa analima. Wagonjwa wakaanza kutoka mafichoni. Waliotajwa kuwa wachache wakawa zaidi ya 200.

Kutokana na kliniki hiyo ndipo utafiti ulipozaliwa, na mpangilio huo unastahili kuangaliwa kwa makini. Huduma ilitangulia, daftari likafuata. Kadi za wagonjwa, zilizoandikwa ili dawa zisikosewe, ndizo zilizokuja kuwa takwimu. Makala yake kuhusu kifafa cha Wapogoro ilitoka mwaka 1965 katika jarida la tiba ya akili la nchi za Skandinavia. Humo alieleza pia watoto ambao, kabla ya kuanza kuanguka, vichwa vyao viliinama na kunyanyuka mara kwa mara kama watu wanaosinzia. Dunia haikuitilia maanani habari hiyo kwa miongo mitatu, hadi ugonjwa wa aina hiyo ulipoonekana Sudan Kusini na baadaye kaskazini mwa Uganda, ukaanza kuandikwa kama jambo jipya.

Maisha ya daktari huyo baada ya Mahenge ni picha ya mtafiti anayeanza: alihamahama. Alifanya kazi Kongo wakati wa machafuko ya mwaka 1960, kisha kwa Albert Schweitzer huko Lambaréné, Gabon, ndipo akasomea tiba ya akili na hatimaye akahamia Kanada, ambako alifanya kazi Vancouver pamoja na mumewe Wolfgang Jilek, naye daktari wa magonjwa ya akili. Wakati wote huo kliniki ya Mahenge iliendeshwa na wauguzi wa misheni. Hao ndio waliogawa vidonge, waliojua nani kahama na nani kafariki, na ambao kadi zisingekuwa na maana bila wao. Majina yao hayamo katika orodha za waandishi wa makala. Utafiti wa miaka 30 katika kijiji hauwezekani bila mtu anayebaki kijijini kwa miaka 30, na mtu huyo kwa kawaida si yule ambaye jina lake linakumbukwa.

Songea yenyewe ilipata somo lake la kusikiliza kutoka upande mwingine. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioongozwa na Gilbert Gwassa na John Iliffe, iliwatuma wanafunzi vijijini kukusanya simulizi za Majimaji wakati mashahidi wangali hai. Kwa Ungoni, kazi ya O. B. Mapunda na G. P. Mpangara ilichapishwa mwaka 1969. Walikuwa vijana wa shahada ya kwanza, na walichokikusanya kwa nia ya kuandika vita kilikuwa pia kumbukumbu ya msiba: nani alinyongwa, nani alikufa njaa, mama gani alikimbia na watoto porini. Utafiti wa akili haukuwahi kuitumia hazina hiyo ipasavyo. Mbinu yao, ya kukaa na mzee kwa muda mrefu na kumwacha asimulie kwa mtiririko wake, ndiyo wachunguzi wa afya ya akili walikuja kuihitaji miaka mingi baadaye.

Serikali huru ilirithi hospitali moja kubwa Dodoma na wataalamu wa kuhesabika kwa vidole. Enzi ya Ujamaa ilijaribu njia yake: vijiji vya kilimo ambamo wagonjwa waliotoka hospitalini waliishi na ndugu zao wakilima, ili tiba na maisha visitengane. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na serikali ya Denmark, ukaanza mpango wa taifa wa afya ya akili katika mikoa miwili ya majaribio, Kilimanjaro na Morogoro. Shabaha ilikuwa kumtibu mgonjwa kwenye zahanati ya kwao badala ya kumsafirisha hadi Mirembe. Wilaya ya Ulanga ilikuwa ndani ya Morogoro, na hivyo kifafa cha Mahenge kikarudi mezani, safari hii mikononi mwa Watanzania: H. T. Rwiza, Gad Kilonzo, William Matuja na wenzao wa Muhimbili, Dar es Salaam.

Uchunguzi wao, uliochapishwa mwaka 1992, ulifanyika katika vijiji 11 vyenye watu wapatao 18,000. Waliopita nyumba kwa nyumba wakiwa na dodoso walikuwa wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa nne pamoja na wauguzi wa magonjwa ya akili na ya mishipa ya fahamu. Waliotiliwa shaka walipelekwa kwa daktari bingwa. Walipatikana watu 207 wenye kifafa. Wenye ugonjwa unaoendelea walikuwa 10.2 kwa kila watu 1,000, lakini wastani huo ulificha tofauti kubwa: kijiji kimoja kilikuwa na 5.1 na kingine 37.1. Tofauti kama hiyo haipatikani kwa mtafiti anayesubiri wagonjwa hospitalini. Hupatikana kwa vijana wenye miguu yenye nguvu, wanaobisha hodi kila mlango, wakikaribishwa kigoda hapa na kufukuzwa na mbwa kule.

Mwaka huohuo Louise Aall, ambaye baada ya ndoa aliitwa Jilek-Aall, na Rwiza walichapisha hatima ya wagonjwa 164 wa kliniki ya awali, waliofuatiliwa kwa miaka 30. Wagonjwa 110 walikuwa wamefariki. Wengi miongoni mwao waliuawa na ugonjwa wenyewe au ajali zake: mishtuko isiyokatika, kuzama mtoni, kuungua. Nambari hiyo inauma, na inaeleza kwa nini kukosekana kwa fenobabitoni kwenye zahanati kwa miezi miwili si upungufu mdogo wa ghala.

Swali la kwa nini kijiji kimoja kiwe na kifafa mara saba ya kingine liliwarudisha watafiti mtoni, na hapo Songea inaingia tena. Usubi ni jina la inzi mdogo mweusi na pia la ugonjwa anaouleta. Inzi huyo hutaga kwenye mito ya maji yanayokwenda kasi, na akiuma huacha vijidudu vinavyokua kuwa minyoo chini ya ngozi. Watoto wa minyoo hiyo huwasha mwili na kupofusha macho. Mahenge ni moja ya maeneo ya usubi nchini, na Ruvuma ni jingine. Jilek-Aall alishuku tangu zamani kwamba minyoo na kifafa vinahusiana. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ugawaji wa dawa ya Mectizan kupitia jamii ulifika maeneo haya: wanakijiji humchagua mwenzao, naye hupima urefu wa kila mtu kwa fimbo yenye alama na kumpa vidonge kulingana na kimo. Dawa hiyo huua watoto wa minyoo na kuiacha minyoo mikubwa, inayoweza kuishi zaidi ya miaka 10, kwa hiyo lazima inywewe kila mwaka.

Katika miaka ya 2000 Andrea Winkler na Matuja waliufafanua upya ule ugonjwa wa kutikisa kichwa ambao Jilek-Aall aliueleza huko Mahenge. Mwaka 2018 Bruno Mmbando wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wenzake walionesha kwamba, baada ya takriban miaka 20 ya kugawa dawa, kifafa kilikuwa asilimia 3.5 katika vijiji vya ndani na asilimia 1.5 katika vile vilivyo karibu na mji. Uhusiano wa usubi na kifafa sasa unakubaliwa na wengi, ingawa namna mnyoo unavyodhuru ubongo bado inabishaniwa. Kwa mkoa wa Ruvuma matokeo hayo si habari ya mbali, kwa kuwa nao ni eneo la usubi lililogawiwa dawa ileile.

Wakati hayo yanaendelea kusini, utafiti wa huzuni na wasiwasi ulikua zaidi mijini. Mwaka 2003 M. C. Ngoma na wenzake walionesha kwamba Dar es Salaam asilimia 24 ya waliohudhuria vituo vya afya walikuwa na matatizo ya kawaida ya akili, lakini kwa waganga wa jadi walikuwa asilimia 48. Nadharia ya Carothers haikuhitaji jibu jingine: wenye huzuni walikuwapo siku zote, ila walikwenda kule walikosikilizwa. Mwaka 2002 Sylvia Kaaya na wenzake walikuwa wamepima kama dodoso la dalili lililotungwa Marekani linafaa kwa Kiswahili, wakilijaribu kwa wajawazito wenye virusi vya ukimwi. Kazi hiyo ni ngumu kuliko tafsiri ya kawaida. Kipengele kimoja cha asili humuuliza mtu kama anajisikia rangi ya buluu, usemi wa Kiingereza wa kueleza majonzi. Mswahili hasemi hivyo. Husema moyo mzito, mawazo mengi, kichwa kimejaa, roho inauma. Neno sonona, ambalo siku hizi hutumika hospitalini na redioni, mzee wa kijijini hulielewa akifafanuliwa. Kuwaza sana hakuhitaji kufafanuliwa.

Mtafiti chipukizi anayekwenda Songea leo hukutana na historia hiyo yote kwa pamoja. Mara nyingi ni daktari anayesomea ubingwa wa tiba ya akili Muhimbili, au muuguzi au mwanasaikolojia wa shahada ya uzamili, mwenye tasnifu ya kukamilisha na ufadhili unaokwisha kabla ya kazi. Huanza na kibali cha maadili, kinachotolewa na chuo au na ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Kisha barua: kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, hadi kwa Mtendaji wa Kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Kila barua ina siku zake za kusubiri. Msimu nao una amri yake: masika barabara za ndani hazipitiki, na wakati wa palizi au mavuno hakuna mtu nyumbani kabla ya jioni.

Kiswahili humfikisha mbali lakini si kila mahali. Bibi wa Kindendeule anaweza kujibu salamu na bei ya mahindi kwa Kiswahili, na bado uchungu wake akautaja kwa lugha ya mama. Hapo msaidizi wa utafiti, kijana wa kijiji aliyelipwa posho ya siku, ndiye anayeamua neno gani liandikwe. Fomu ya ridhaa husomwa kwa sauti, na wasiojua kuandika huweka dole gumba mbele ya shahidi. Swali kuhusu kutamani kufa huwekwa mwishoni, na mwongozo hudai kwamba anayejibu ndiyo asiachwe: apelekwe kwa huduma siku hiyohiyo. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inatambua haki ya mgonjwa kutibiwa, lakini kijijini huduma hiyo inaweza kumaanisha muuguzi mmoja kwenye kituo cha afya umbali wa saa kadhaa kwa bodaboda, na nauli hutoka mfukoni mwa mtafiti. Jioni husikiliza upya alichorekodi, peke yake katika chumba cha wageni, bila mwenzake wa kazi wa kumpokea mzigo wa masimulizi aliyobeba mchana. Mafunzo ya utafiti hufundisha kwa kina namna ya kumlinda mhojiwa. Mhojaji hutajwa kwa sentensi chache.

Tasnifu huandikwa kwa Kiingereza, na makala hupelekwa kwenye majarida ya nje. Nakala moja hubaki maktaba ya chuo, na muhtasari hutakiwa kurudi kwa waliotoa kibali. Mrejesho kwa wanakijiji hufanywa pale ambapo fedha ya nauli iliwekwa kwenye bajeti tangu mwanzo: mkutano huitwa chini ya mwembe au katika ofisi ya kijiji, matokeo husomwa kwa Kiswahili, na swali la kwanza kutoka kwa wasikilizaji huwa dawa zitafika lini.